Jarida la Kiswahili na Lugha ya Kisauni

Mtu avukaye daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa na kushika njia ya Kisauni hufika upesi mahali paitwapo Kengeleni. Hapo pamesimama mnara wa kengele, ukumbusho wa kijiji cha Frere Town, kilichoanzishwa na Wamisheni wa CMS mwaka wa 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Watu hao walitoka katika makabila mengi, Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, na baadhi yao walikuwa wamelelewa Bara Hindi kabla ya kurudishwa Afrika. Hawakuwa na lugha moja ya nyumbani. Lugha waliyoikuta pwani, wakaisali na kuwafundishia watoto wao, ilikuwa Kiswahili cha Mombasa, yaani Kimvita.

Ni vema habari ianzie hapo. Liko jarida la lugha na maandiko ya Kiswahili lililozaliwa mwaka wa 1930, na hata leo lachapishwa Dar es Salaam. Maisha yake husimuliwa mara nyingi kana kwamba ni mambo ya maofisa na wataalamu peke yao. Walakini Kisauni ilihusika tangu mwanzo, ingawa haikuulizwa neno.

Katika mwezi wa Juni 1928 wajumbe wa serikali na wa misheni za Afrika Mashariki walikutana Mombasa kuamua ni Kiswahili kipi kitakachoandikwa katika vitabu vya shule. Profesa Carl Meinhof wa Ujerumani alikuwako. Wamisheni wa Mombasa walikitetea Kimvita, na hoja zao hazikuwa nyepesi. Krapf alikuwa amefika Mombasa mwaka wa 1844, na kamusi yake kubwa ilitoka mwaka wa 1882. Biblia nzima ya Kimvita ilikuwa imechapishwa mwaka wa 1914. Tena Mombasa ilikuwa na mashairi ya Muyaka bin Haji, ambayo Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya pamoja na W. E. Taylor wa CMS kabla hayajapotea vinywani mwa wazee. Upande wa pili ulijibu kwa hoja moja tu, nayo ndiyo iliyoshinda: Kiunguja kilikwisha safiri. Kilikuwa kimefuata misafara mpaka Ujiji na ng'ambo ya ziwa, na Tanganyika kilitumika katika ofisi na madarasa. Basi Kiunguja kikachaguliwa, na uamuzi ukatolewa katika mji uleule ulioshindwa.

Kamati ya Lugha ilianza kazi tarehe 1 Januari 1930 huko Dar es Salaam, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson, na gharama zikalipwa na serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Jarida lake lilianza mwaka uo huo. Karani yeyote aliyewahi kupokea waraka wa serikali angeitambua sauti yake mara moja: neno hili liandikwe hivi, lile lisiandikwe, kitabu fulani kimekubaliwa, kingine kirudishwe kwa mtungaji. Karibu yote yaliandikwa kwa Kiingereza. Mezani, katika miaka ile ya mwanzo, hapakuwa na Mwafrika hata mmoja, na watu walioizaliwa lugha hiyo walipelekewa hukumu ikiwa imekwisha andikwa.

Mtoto wa Frere Town aliyesema mato, ndia na mtele nyumbani alipaswa kuandika macho, njia na mchele shuleni. Wala si haki kusema kwamba hakupata faida yo yote. James Mbotela, mwana wa mtu aliyeokolewa utumwani, na mwenyeji wa Frere Town hasa, alitunga kitabu cha Uhuru wa Watumwa, kikachapishwa London mwaka wa 1934. Kilieleza jinsi watu wake walivyotekwa, walivyookolewa baharini, na jinsi kijiji kilivyojengwa. Kwa kuwa tahajia ilikuwa imekwisha kuwa moja, kitabu kilichotoka Kisauni kiliweza kusomwa na watoto walio mbali sana na Kisauni. Faida hiyo ni kubwa, na wanaoilaumu Kamati husahau kuitaja. Lakini hasara nayo ilikuwako: wazee waliokuwa wamejifunza kusoma kwa Biblia ya Kimvita waliletewa Biblia ya Muungano mwaka wa 1952, wakaambiwa kwamba sasa hiki ndicho Kiswahili.

Jarida lenyewe lilikuwa msafiri. Mwaka wa 1942, katikati ya vita, Kamati ilihamishiwa Nairobi. Mwaka wa 1952 ikapelekwa Makerere, na huko ndiko jarida lilikobadilika tabia. Wilfred Whiteley, aliyekuwa katibu katika miaka hiyo, hakuridhika kuketi na kupima tahajia. Alitaka kujua watu wanasema nini hasa, na wametunga nini. Waafrika nao walikuwa wameingia katika Kamati. Mmoja wao alikuwa Shaaban Robert, aliyepata kuwa karani wa forodha huko Tanganyika, na makarani wasomao habari hii wana ruhusa ya kujivuna kidogo kwa ajili yake.

Ndipo kurasa zilipoanza kujaa mambo ambayo kijarida cha mwaka wa 1930 kisingeyagusa. Mwaka wa 1957 ulitolewa Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, ukiwa nyongeza ya jarida. Katika matoleo ya Julai 1958 na Januari 1959 yakafuata maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe. Pamoja na hayo Kamati ilichapisha mfululizo wa vitabu vidogo juu ya lahaja: Kimtang'ata, Chivumba, Kipemba, Chichifundi. Kimoja cha mwaka wa 1958, kilichoandikwa na H. E. Lambert, aliyekuwa ofisa wa utawala wa Kenya, chahusu Chijomvu na Kingare, misemo ya watu wa Mombasa yenyewe. Kamati iliyoundwa ili Kiswahili kiwe kimoja ilikuwa sasa ikilipa gharama za kuandika jinsi wavuvi na wakulima wa Jomvu wanavyotofautiana na jirani zao.

Hapa yafaa kueleza ugumu wa kazi hiyo, kwa maana wengi hudhani kuchapa shairi la kale ni kunakili tu. Tenzi nyingi zilikuwa katika makasha ya watu, zimeandikwa kwa hati ya Kiarabu, na mara nyingi walinzi wake walikuwa akina mama. Katika hati hiyo alama moja husimama mahali pa u na pa o pia, na nyingine mahali pa i na pa e. Hivyo chuma na choma huandikwa sawasawa. Waandishi wa zamani walitumia hata herufi ya b mahali pa p na pa mb. Msomaji hawezi kulitamka neno mpaka alijue kwanza. Mtaalamu wa Makerere, hata awe na elimu ya namna gani, alimhitaji mtu wa pwani aketi naye na kumwambia neno lile ni lipi.

Na hata neno likiisha kujulikana, hatari haijapita. Tuseme mshairi wa Mombasa ametunga ubeti ambao mistari yake yaishia kwa moto, mtoto na mato. Kina chake ni -to. Mhariri mwenye bidii ya usanifu akifuta mato na kuandika macho, kina kimevunjika, na atakayesoma baada ya miaka hamsini atadhani mzee yule hakujua kutunga. Sheria ya Kamati ya mwaka wa 1930, ikifuatwa neno kwa neno, ingeliharibu shairi lililo jema. Wahariri wa jarida waliliona jambo hili, wakaacha tenzi za Kimvita na za Kiamu zisimame na maneno yake, na maelezo wakayaweka pembeni. Katika kazi zote za jarida hilo, hapana iliyo na thamani kuliko hiyo ya kuacha kusahihisha.

Mwaka wa 1962 Kamati ilihama tena, na safari hii ilikuja Mombasa. Mtu angetazamia kwamba baada ya miaka thelathini na minne, jarida lililorudi mahali lilipoamriwa lingekaa. Halikukaa. Miaka ile ilikuwa ya misukosuko; mambo ya Mwambao wa Sultani yalikuwa yakijadiliwa, na kila nchi ilikuwa ikitengeneza nyumba yake kwa ajili ya uhuru. Kufikia mwaka wa 1964 kazi ya Kamati ilikuwa imehamia Dar es Salaam, ikawa sehemu ya Chuo Kikuu. J. W. T. Allen, aliyekuwa naye amehudumu katika Kamati, alikusanya kutoka pwani maandiko ya mkono yaliyowekwa katika maktaba ya chuo hicho, na orodha yake ikachapishwa mwaka wa 1970. Mwaka huo huo jarida, ambalo tangu mwaka wa 1959 liliitwa kwa Kiingereza Swahili, lilibadili jina likaitwa Kiswahili. Lilichukua miaka arobaini kujiita kwa jina ambalo kila mtoto wa Kisauni alilijua.

Mombasa haikungoja jarida lirudi. Shihabuddin Chiraghdin, mwalimu wa Mombasa, alihariri mashairi ya Ahmad Nassir, yakatoka mwaka wa 1971 kwa jina la Malenga wa Mvita, nayo yamesimama katika Kimvita bila kuomba radhi. Kisha Chiraghdin aliandika historia ya lugha pamoja na Mathias Mnyampala wa Tanganyika. Wote wawili walikuwa wamefariki kitabu kilipotoka mwaka wa 1977.

Mwaka wa 1972 kijana mwingine wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, akiwa ametoka kifungoni kwa ajili ya maandishi yake, alikwenda Dar es Salaam, akapewa kazi katika taasisi ile ile iliyotokana na Kamati ya Lugha. Alikaa huko mpaka mwaka wa 1979. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalichapishwa mwaka wa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Yameandikwa kwa Kimvita, na mato ndani yake hayakugeuzwa kuwa macho.