Kipimo cha damu cha moyo kisishangiliwe mapema

MGONJWA aliyefanyiwa upasuaji wa moyo huweza kuamka salama, akaanza kula na kuzungumza na jamaa zake, kisha siku ya pili au ya tatu mapigo ya moyo wake yakaanza kwenda mrama. Vyumba viwili vya juu vya moyo hupapatika ovyo badala ya kudunda kwa mpangilio. Damu hutuama humo na kuganda, na bonge likichomoka huweza kufika kwenye ubongo na kusababisha kiharusi.

Hili si jambo nadra. Inakadiriwa kwamba kati ya wagonjwa 20 na 40 katika kila 100 wanaopasuliwa moyo hupatwa na mpapatiko huo. Wengi hupona, lakini hukaa hospitalini siku nyingi zaidi na gharama huzidi kupanda.

Swali linalowakera madaktari ni je, nani atakayepatwa? Umri mkubwa na upasuaji wa vali huongeza hatari, lakini dalili hizo hazitoshi kumtenga mgonjwa mmoja na mwenzake. Ndiyo sababu matumaini ya wanasayansi yameelekezwa kwenye maikroRNA.

Hivi ni vipande vidogo mno vya RNA, kila kimoja kikiwa na viungo 22 hivi. Kazi yake ni kuzuia maagizo ya jeni yasigeuzwe kuwa protini, au kuyapunguza makali. Victor Ambros na Gary Ruvkun wa Marekani, ambao utafiti wao kuhusu mnyoo mdogo ulichapishwa mwaka wa 1993, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka wa 2024 kwa uvumbuzi huo.

Baadaye ilibainika kwamba vipande hivyo hupatikana pia katika damu, tena haviharibiki upesi. Msuli wa moyo unapoumia au kupata makovu, viwango vyake hubadilika. Kwa hivyo, tone la damu lingeweza kutoa habari za moyo kabla kisu cha mpasuaji hakijaugusa.

Mwaka wa 2017, watafiti wa London walichapisha matokeo ya wagonjwa 34 waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo. Wale ambao mapigo yao yalivurugika baadaye walikuwa na kiwango cha juu cha maikroRNA nambari 483 katika damu, hata kabla ya upasuaji.

Ni habari ya kutia moyo. Hata hivyo, wagonjwa 34 ni wachache mno kwa uamuzi unaogusa maisha ya maelfu. Isitoshe, tafiti mbalimbali zimekuwa zikitaja maikroRNA tofauti tofauti, na hakuna hata moja iliyokwisha kukubalika kuwa kipimo cha kawaida hospitalini.

Kuna kikwazo kingine kisichozungumzwa sana. Wakati wa upasuaji, mgonjwa hupewa heparini ili damu isigande ndani ya mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu. Dawa hiyo hiyo huvuruga kemikali zinazotumiwa kupima RNA kwenye maabara. Nayo mashine huvunja baadhi ya chembe nyekundu za damu, ambazo humwaga maikroRNA zake. Maabara isiyo makini itasoma athari za mashine ikidhani inasoma habari za moyo.

Kwetu Afrika Mashariki, pana suala zito zaidi. Tafiti nyingi zimefanywa ng'ambo kwa wazee ambao mishipa ya moyo imeziba. Hapa kwetu, sehemu kubwa ya wanaohitaji upasuaji ni vijana ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi. Moyo wa kijana huyo umepata makovu kwa njia nyingine. Kipimo kilichofaulu kwa mzee wa London hakiwezi kuchukuliwa kuwa kitamfaa msichana wa Bomet mpaka kijaribiwe kwake.

Waswahili husema, usiache mbachao kwa msala upitao. Zipo njia za kuzuia mpapatiko ambazo hazihitaji maabara ya kifahari. Dawa za kupunguza kasi ya moyo zimethibitishwa kusaidia. Mwaka wa 2021, utafiti wa New York uliohusisha wagonjwa 420 ulionyesha kwamba mpasuaji akikata tundu nyuma ya mfuko unaozunguka moyo ili damu na maji yapate njia ya kutoka, wanaopatwa na mpapatiko hupungua kutoka asilimia 32 hadi asilimia 17.

Si kwamba sayansi hii mpya ipuuzwe. Hospitali zinazopasua moyo Nairobi, Bomet na Dar es Salaam zinaweza kushirikiana kuhifadhi damu ya wagonjwa wanaoridhia, ili kipimo kitakapokomaa kiwe kimejaribiwa kwa watu wetu pia. Bila hivyo, tutauziwa kwa bei ghali kifaa kilichoundwa kwa mioyo ya wengine, huku tundu dogo la mpasuaji, ambalo halihitaji kununuliwa, likisahaulika.