Kungoja Kipimo Si Uvivu



Mwezi huu twataka kusema juu ya jambo ambalo wengi huona haya kulitaja, nalo ni tumbo. Hatusemi juu ya tumbo la njaa, maana hilo tumelisema mara nyingi katika shauri la mishahara. Twasema juu ya tumbo linalouma, linaloendesha, linalojaa hewa, linalochoma usiku, na ukienda kuuliza lina nini wajibiwa, "Ngoja vipimo."

Tangu siku ya kuambiwa ngoja mpaka siku ya kupewa jibu, mfanya kazi yuko katikati ya mto. Si mzima, wala hana ugonjwa wenye jina. Mnyapara humwona mvivu, jirani humwambia amerogwa, na mwenye duka humwuzia vidonge. Maoni yetu ni haya: kungoja kipimo ni sehemu ya matibabu, na siku za kungoja zina haki yake kazini. Lakini mwenye kungoja naye ana wajibu wake, nao ni kungoja kwa akili.

Twaandika tukiwafikiria zaidi wenzetu ambao kwao ni Migori na Homa Bay. Reli haifiki huko. Ilifika Kisumu mwaka 1901, na katika siku za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, lililovunjika mwaka 1977, meli za reli ndizo zilizotia nanga Homa Bay. Hata hivyo wenzetu wengi ni watu wa Rongo, Awendo, Karungu, Muhuru, Ndhiwa na Mbita. Mwili ukishindwa huenda nyumbani kutibiwa karibu na watu wao. Basi siku za kungoja hupita mbali na ofisi ya kazi, na hapo ndipo barua hupotea na lawama huanza.

Kwanza tujue kwa nini jibu hukawia. Magonjwa mengi ya tumbo huvaa kanzu moja. Kando ya Ziwa Victoria kuna kichocho cha tumbo. Vijidudu vyake hutoka katika konokono wa majini, huingia kwa ngozi ya mtu aogaye, afuaye au avuaye samaki, na huchukua wiki kadhaa kabla mayai hayajaonekana chooni. Mayai yakiwa machache, choo cha siku moja chaweza kuonekana safi na mtu ni mgonjwa. Ndiyo maana daktari huomba choo cha pili na cha tatu. Hakuchezei. Kuna amiba vilevile. Kuna taifodi, ambayo kipimo chake cha damu kiitwacho Widal kimetumika tangu mwaka 1896, nacho huweza kudanganya: mtu aliyeugua zamani au aliyechanjwa huweza kuonekana mgonjwa leo. Njia iliyo bora ni kuipanda damu katika maabara na kutazama vijidudu vikiota, na kazi hiyo hutaka siku kadhaa. Jibu la haraka si lazima liwe jibu la kweli.

Tena kuna vidonda vya tumbo. Zamani wagonjwa wa vidonda waliambiwa ni mawazo mengi na pilipili. Kisha madaktari wawili wa Australia, Robin Warren na Barry Marshall, walionyesha kwamba vidonda vingi huletwa na kijidudu kiitwacho Helikobakta pilori. Wengi walikataa kuwaamini. Mwaka 1984 Marshall alikunywa vijidudu hivyo yeye mwenyewe, akaugua tumbo, na mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Basi mtu asikubali upesi kuambiwa, "Ni mawazo tu." Lakini tuseme na upande wa pili: yako matumbo ambayo vipimo vyote hurudi safi na maumivu yapo, kwa sababu matumbo yenyewe hufanya kazi vibaya bila kidonda. Hayo nayo ni maradhi, na yana matunzo yake.

Sasa twaja kwenye wajibu wetu. Gari la moshi likiacha njia, baada ya kuwaokoa watu hakuna anayeruhusiwa kufagia. Mataruma yaliyovunjika, misumari iliyong'oka, alama za magurudumu, vyote huachwa mpaka mkaguzi afike. Mtu akivizoa mapema, chanzo hakitajulikana, na kesho gari litaanguka pale pale. Tumbo ni vivyo hivyo. Anayemeza vidonge vya dukani kabla ya kipimo amefagia njia kabla ya mkaguzi. Kipimo cha choo au cha pumzi cha kutafuta kijidudu cha vidonda chaweza kusema "hapana" kwa uongo ikiwa mtu amemeza omeprazoli katika wiki 2 zilizopita, au dawa za kuua vijidudu katika wiki 4 zilizopita. Kwa hiyo mwambie daktari kila ulichomeza, hata manyasi uliyopewa na mama mkwe. Hatuwatukani wazee wetu. Twasema daktari ajue. Wala usiache kwa shauri lako dawa uliyoandikiwa na daktari, ya sukari, ya presha, au dawa nyingine ya kila siku. Uliza kwanza.

Jambo moja lawahusu sana watu wa genge. Kwa maumivu ya mgongo na magoti tumezoea diklofenaki na ibuprofeni, mara nyingi kabla ya kula. Dawa hizo zenyewe huweza kutoboa vidonda tumboni na kuleta damu. Mwenye tumbo linalochoma amwambie daktari wazi kwamba huzimeza, na ni ngapi kwa siku.

Uwe na daftari dogo. Andika umekula nini na saa ngapi, maumivu yamekuja lini, umekwenda choo mara ngapi, na choo kilikuwa cha namna gani. Daktari ana dakika chache na watu wengi barazani. Daftari la wiki 2 litamweleza zaidi ya maneno ya mtu aliyechoka. Choo cha kupima kitiwe katika kopo safi ulilopewa, bila mkojo wala udongo, na kifikishwe maabara mapema, kwa maana kikikaa sana amiba hawaonekani tena. Ukielekezwa Kisii, Kisumu au Tenwek kule Bomet kutazamwa tumbo kwa kamera, uliza mapema usile tangu saa ngapi. Wako waliosafiri siku nzima wakarudishwa kwa sababu walikunywa chai asubuhi.

Wakati wa kungoja kula kidogo kidogo, chakula kilichoiva vizuri, na acha pombe na sigara. Maji ya kunywa yachemshwe. Kama unaendesha, kunywa maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vikiwa sawasawa, si vya kilima.

Lakini ziko dalili ambazo hazingoji tarehe ya kipimo. Kutapika damu. Choo cheusi kama lami, au chenye damu. Chakula kukwama kooni. Kukonda bila sababu. Macho kuwa manjano. Homa isiyoshuka. Tumbo kuwa gumu kama ubao kwa maumivu makali. Kuharisha kama maji ya mchele. Tukumbuke kwamba mwaka 2025 kipindupindu kiliripotiwa Migori na Kisumu. Mwenye dalili moja katika hizi asiseme, "Nimepangiwa Alhamisi ijayo." Aende hospitali leo, na kama ni usiku, aende usiku.

Sasa shauri la kazi. Tumepokea malalamiko ya wenzetu waliokatwa siku zao kwa sababu karatasi waliyoleta haikuandikwa jina la ugonjwa. Wameulizwa, "Unaumwa nini?" nao wakajibu kwa haki, "Bado sijaambiwa." Ndugu, sheria haisemi hivyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, yampa mfanya kazi aliyemaliza miezi 2 kazini siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Mapatano ya chama na mwajiri yaweza kuzidi hapo, lakini hayawezi kupungua. Na cheti kinachotakiwa ni cha kuonyesha kwamba mtu hawezi kazi, kilichotiwa sahihi na daktari au na mtu anayesimamia zahanati kwa niaba yake. Kinachopimwa ni uwezo wa kufanya kazi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba ugonjwa lazima uwe umekwisha kupata jina.

Sheria hiyo hiyo yamtaka mfanya kazi amjulishe mwajiri mapema awezavyo kwamba hayupo na kwa sababu gani. Hapa tusijifiche. Anayekaa Ndhiwa wiki nzima bila neno amempa mnyapara fimbo ya kumpigia. Peleka habari siku ya kwanza, tunza nakala ya kila karatasi, na mpe mjumbe wa chama nakala moja. Na yule anayesingizia tumbo ili avune mahindi anawaibia wagonjwa wa kweli, wala chama hakitamtetea.

Twawataka waajiri mambo manne. La kwanza, karatasi yenye tarehe ya kipimo ikubaliwe kuwa sababu halali ya kutokuwapo siku hiyo. La pili, dreva, gadi au mtu wa ishara anayengoja kipimo apewe kazi nyepesi bila kushushwa cheo. Mtu anayejikunja kwa maumivu hafai kushika maisha ya abiria. La tatu, vyoo na maji viwepo mahali genge linapofanya kazi, kwa maana kifungu cha 32 chataka mwajiri atoe maji safi ya kutosha. La nne, mfanya kazi asitukanwe mbele ya wenzake kwa kwenda chooni.

Na sisi kwa sisi, tusimwache mwenzetu peke yake. Tangu Oktoba 2024 kila mshahara hukatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Kila tawi lihakikishe kwamba wanachama wake wameandikishwa sawasawa pamoja na jamaa zao, kabla ugonjwa haujabisha hodi. Aliye Kisumu amtembelee mwenzake aliyetoka Migori kwa kipimo, amwonyeshe njia na amkalie kwenye foleni. Maradhi yasiyo na jina huogopesha usiku kuliko yenye jina, na mtu akiwa na wa kuzungumza naye hakimbilii kila chupa anayouziwa.

Hakuna dreva anayeondoka stesheni kabla ya kupewa njia, wala hakuna anayemwita mvivu kwa kungoja. Anayengoja kipimo naye aheshimiwe vivyo hivyo.

Umoja ni nguvu.