Wastani, Sampuli na Mtafiti wa Kiswahili: Mfano wa Meru na Embu

Ipo imani iliyoenea miongoni mwa wanafunzi wa Kiswahili kwamba aliyechagua fasihi au isimu ameagana na hesabu. Ajabu ni kwamba mwanafunzi huyo huyo huhesabu mizani 16 za mshororo bila kulalamika. Imani yenyewe hudumu hadi wakati wa kuandika tasnifu, anapolazimika kueleza alivyoteua sampuli na kutoa wastani wa data zake. Hapo wengi hunakili maelezo ya watangulizi wao. Makala haya yanashikilia kwamba hilo si kosa dogo la mbinu, bali ni suala la uaminifu kwa watu wanaotafitiwa.

Na ichukuliwe, kwa mfano, kuwa mtafiti anachunguza makosa ya upatanisho wa kisarufi katika insha za wanafunzi wa kaunti ya Embu. Katika shule moja ya mjini Embu anasoma insha 10 na kupata wastani wa makosa 4 kwa kila insha. Katika shule nyingine ya Siakago, upande wa Mbeere, anasoma insha 40 na kupata wastani wa makosa 9. Akijumlisha 4 na 9, kisha akagawanya kwa 2, atapata 6.5 na kutangaza kwamba huo ndio wastani wa insha zote. Atakuwa amekosea. Makosa ya shule ya kwanza ni 40 na ya pili ni 360; jumla ni makosa 400 katika insha 50, yaani wastani wa 8. Makundi yanapotofautiana kwa idadi, wastani zake haziwezi kujumlishwa na kugawanywa hivi hivi.

Hata wastani uliokokotolewa sawasawa waweza kupotosha. Wanafunzi watano wakifanya makosa 2, 3, 3, 4 na 28, wastani wao ni 8, ilhali hakuna hata mmoja aliyeikaribia idadi hiyo. Idadi iliyo katikati baada ya kuzipanga ni 3, na inayojitokeza zaidi ni hiyo hiyo 3. Mwanafunzi mmoja ndiye aliyeuvuta wastani juu. Mwalimu atakayeutegemea wastani pekee atawarudisha wanne nyuma bila sababu, na yule wa tano asimfikie.

Suala la sampuli ni zito zaidi. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, kaunti ya Meru ilikuwa na watu 1,545,714 na ya Embu 608,599. Anayetaka wahojiwa 100 kwa uwiano wa idadi hiyo atahitaji takriban 72 kutoka Meru na 28 kutoka Embu. Akiteua 50 kwa 50 ili kulinganisha kaunti hizo, hana kosa. Lakini akitoa wastani mmoja wa eneo zima bila kuzingatia uzito wa kila upande, Embu itakuwa imepewa nafasi inayokaribia maradufu ya ile inayoistahili.

Hata hivyo, uwiano peke yake hautoshi. Meru ina Waimenti, Watigania na Waigembe, kila kundi na usemi wake. Embu ina Kiembu na Kimbeere. W.J.G. Möhlig, mwanaisimu Mjerumani, aliandika kitabu kizima kuhusu lahaja za mashariki mwa Mlima Kenya mwaka 1974. Ikiwa wahojiwa wote 72 watatoka mjini Meru, mkulima wa miraa wa Igembe hatakuwamo, ingawa jina lake litatumiwa katika hitimisho. Methali husema samaki mmoja akioza wote wameoza. Hiyo ni tahadhari ya sokoni, si kanuni ya utafiti. Mpishi wa githeri huonja kijiko kimoja tu, lakini hukoroga chungu kwanza.

Yamkini mtu atapinga kwamba mwanafunzi hana fedha wala muda wa kuzunguka kutoka Maua hadi Mbeere. Hoja hiyo ina mashiko, na wala hakuna anayedai azunguke kote. Kinachodaiwa ni kwamba dai lake lisizidi sampuli yake. Aliyehoji watu 30 katika mji mmoja na aandike hivyo hivyo katika anwani na katika hitimisho, badala ya kuandika "Wameru" au "Waembu". Hitimisho la jumla lisilo na msingi halibaki maktabani: hugeuka kauli kwamba watu wa mahali fulani hawakijui Kiswahili, na mtoto wa shule ndiye anayebebeshwa mzigo wake.

Kwa hiyo, idara za Kiswahili, zikiwemo za vyuo vikuu vilivyo katika ukanda huu wa Mlima Kenya, zinapaswa kufundisha takwimu za msingi kwa Kiswahili, kwa data za Kiswahili. Istilahi hazikosekani: wastani, sampuli, uwiano, hojaji. Na wasimamizi wa tasnifu wawe na mazoea ya kumuuliza kila mtahiniwa maswali mawili kabla ya mengine yote: umehesabu nani, na umemwacha nani?