Jina Lako Juu ya Kitambaa Chako

Wako wafanyakazi wengi mijini ambao, watokapo kazini, huendelea na kazi za mikono nyumbani. Mmoja hufuma vitambaa vya makochi, mwingine hutarizi mashuka, mwingine husuka vikapu vya ukindu. Siku hizi mteja hutafutwa kwa picha. Huipeleka kwa simu, aliyeipokea humpelekea mwenziwe, na kabla ya jua kuchwa imekwisha kufika usikokujua.

Hapo ndipo ilipo hatari. Mtu asiyejua hata kuishika sindano ya kroshia aweza kuichukua picha hiyo, akajidai fundi, akapokea malipo ya awali na kutokomea. Mteja aliyedhulumiwa, siku atakapokiona kitambaa chako, atakukimbia wewe.

Yafaa basi kutia jina ndani ya picha. Wazo hili ni la kale: mafundi wa karatasi wa Fabriano, nchini Italia, walitia alama katika karatasi zao tangu karne ya 13, na alama ya namna hiyo huiona uinuapo noti kwenye mwanga.

Programu ya GIMP hupatikana bure kwa wenye kompyuta. Fungua nakala ya picha, wala si picha ya asili. Chagua zana ya maandishi, uandike jina la kazi yako. Maandishi hayo hukaa katika tabaka lake, juu ya picha. Punguza ukolezo wa tabaka hilo hadi asilimia 30 au 40, ili nyuzi zionekane chini ya herufi. Kisha itoe picha kwa muundo wa JPEG, kwani ukiihifadhi hivi hivi utapata faili la GIMP lenyewe, ambalo mteja hataweza kulifungua kwa urahisi.

Wengi huliweka jina pembeni wakichelea kuharibu uzuri. Huko ni kumrahisishia mwizi, kwani hukata ukingo tu akaondoka. Lipitishe juu ya ua la katikati! Tena, mwaka 2017 watafiti wa Google walionyesha kwamba alama ile ile ikirudiwa katika picha nyingi, kompyuta huweza kuing'amua na kuifuta. Kuihamisha mahali hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kuzipinda herufi kidogo, kila picha kwa namna yake.

Alama haimzuii kila mwizi, na programu za kufuta zimezidi kuwa hodari. Kwa hiyo, mpelekee mteja picha ndogo, yenye upana wa pikseli 1,000 hivi, na ile kubwa isiyo na maandishi usimpe mtu. Kwa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 huilinda picha tangu itengenezwapo, nawe ukiitwa kuthibitisha kwamba ni yako, ile kubwa ndiyo utakayoionyesha.