Kipuri Kipya Si Aibu

Wako watu wanunuao motokaa kuukuu, wakaipaka rangi ikang'aa, kisha wakatuambia, "Hii ni ya asili tupu." Msomaji, usikubali upesi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Chukua Volkswagen yenye mgongo wa kobe, aina iliyoshinda mbio za Safari mwaka 1954. Inua kiti cha nyuma: nambari ya chesisi imepigwa chumani. Nambari ya injini imo chini ya dainamo. Zilinganishe na kitabu cha gari. Kisha tazama dirisha la nyuma. Hadi mapema 1953 lilikuwa na vioo viwili. Ndipo likawa kioo kimoja chenye umbo la yai. Tangu Agosti 1957 likapanuliwa. Basi ukiambiwa gari ni la 1955 nawe waona dirisha pana, ama bodi imebadilishwa, ama mwaka umebuniwa.

Lakini nawapinga pia wanaodharau kila kilichobadilishwa. Mpira wa breki uliochakaa hauhifadhiwi kwa heshima ya asili, utaua watu. Na bamba lililofuliwa kwa nyundo na fundi wa hapa Gachoka, vipuri vilipoadimika, nalo ni historia ya gari hilo. Liache, ila litaje.

Andika daftarini: hiki cha kiwandani, hiki cha fundi wetu, hiki cha jana. Afichaye kiraka huiba mara mbili: fedha ya mnunuzi na sifa ya fundi.