Peptidi za chaza na maladi ya ini: panya si mutu

Kwenye mitandao, poda na vidonge vinavyotoka katika chaza vinatangazwa kwamba vinasafisha ini. Kwetu mashariki, bahari iko mbali lakini hepatiti B iko karibu, na tangazo kama hilo linapata masikio haraka. Kuna ukweli gani ndani yake?

Wazo lenyewe si uongo mtupu. Chaza na kome ni wanyama wa majini wenye ganda gumu, na nyama yao ina protini nyingi. Kwenye maabara, protini hiyo inakatwa-katwa, karibu kama tumbo linavyofanya na chakula, mpaka inakuwa vipande vidogo sana. Ndivyo vinaitwa peptidi. Watafiti, zaidi sana wa China, waliwapa panya peptidi hizo pamoja na pombe ao sumu ya kuharibu ini. Ini la panya wale liliumia kidogo kuliko la wenzao waliokosa.

Shida inaanzia hapo. Panya aliumizwa kwa siku ao majuma machache, na mara nyingi alianza kupewa peptidi mbele ya ini kuharibika. Mgonjwa wa hepatiti B yeye ana virusi vinavyozaana ndani ya ini miaka na miaka, hata bila kujisikia vibaya. Kupunguza madhara ya pombe kwa panya si kuzuia virusi kwa mutu. Na mpaka sasa hakuna majaribio makubwa kwa wagonjwa yenye kuhakikisha kwamba peptidi hizi zinaponya ini.

Dawa ya kuzuia virusi iko: tenofoviri, inayotumika pia kwa wagonjwa wa UKIMWI. Kwa kawaida haimalizi virusi, lakini inavizuia kuzaana. Mwenye kuiacha juu ya poda, virusi vinaweza kuamka na kushambulia ini kwa nguvu.

Kinga nayo iko. Watoto wanapewa chanjo kwa majuma 6, 10 na 14. Nyumbani, karanga na mahindi yenye ukungu vitupwe: sumu yake, aflatoksini, ikikutana na hepatiti B, inaongeza sana hatari ya kansa ya ini.

Basi, mbele ya kutoa franka kwa kopo la poda, muuzaji aulizwe swali moja: hii ilipimwa kwa watu, ao kwa panya? Kiisha franka zile zisaidie kulipa kipimo cha damu.