NANI ANASHIKA KITABU CHA RISASI?

Wandugu wafanyakazi wa mine na wa reli, na ninyi wote wenyeji wa Kabalo!

Gunia la mchele likitoka depo ya kampuni, karani anaandika jina, tarehe na kilo. Treni ikipita hapa kwetu kwenda Kalemie, Kamina au Kindu, mkubwa wa gare anaandika saa. Lakini askari akipiga risasi katika kundi la watu, kitabu kiko wapi? Na nani, asiye mwenzake askari, ana ruhusa ya kukifungua?

Neno hili si jipya. Tarehe 9 Desemba 1941, huko Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, wafanyakazi wa Union Minière walikusanyika katika uwanja wa mpira kudai mshahara wa kutosha. Askari wa Bula Matari wakawapiga risasi. Léonard Mpoyi, aliyewasemea wenzake, akafa hapo. Wangapi walikufa pamoja naye? Vitabu vingine vinasema 48, vingine 60 au 70, na watu wa kambi walisema zaidi. Miaka zaidi ya 80 imepita, hatuna hesabu moja! Mwenye bunduki ndiye aliyekuwa mwenye kalamu.

Januari 1959, Léopoldville, Leta ilitangaza wafu 49, na wengi hawakusadiki. Bunge la Ubelgiji likatuma tume. Ilikuwa tume ya Wabelgiji, ndiyo, lakini tuseme kweli: iliuliza watu, ikatoa ripoti mwezi wa Machi mwaka uleule. Leta yetu wenyewe imefanya hivyo mara ngapi?

Wengine watajibu: hayo ni ya wakoloni, leo askari ni watoto wetu. Haya, tutazame Likofi. Novemba 2013 polisi walianza kuwasaka kuluna katika Kinshasa. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ikahesabu watu 9 waliouawa na 32 waliopotea, ikatangaza Oktoba 2014. Leta ikafanya nini? Ikamfukuza mkubwa wa ofisi ile!

Sheria hazikosi. Polisi wana sheria yao ya tarehe 11 Agosti 2011. Wana wakaguzi wao, lakini wakaguzi hao wako chini ya waziri yuleyule mwenye polisi. Polisi akishtakiwa, anahukumiwa na mahakama ya kijeshi. Na MONUSCO ilitoka Tanganyika mwaka 2022. Hatuilii, lakini macho ya nje yamepungua, basi yetu yafunguke.

Tunataka kila risasi inayotoka depo ya komisaria iandikwe: nani aliichukua, nani alitoa amri, ilirudi au haikurudi. Kitabu hicho kisomwe na watu wasiovaa kofia ile: majaji wa raia, waavoka, watu wa sendika. Kiwekwe karibu na kitabu cha hospitali. Polisi akiandika kwamba hakuna aliyeumia, na muganga ameandika watatu usiku uleule, jaji ana pa kuanzia. Askari mwema hana sababu ya kukiogopa. Kitamtenga na mwenzake mbaya.

Na jamaa wa marehemu wapewe karatasi yenye muhuri, bila franka hata moja, inayosema alikufa wapi, saa ngapi, na kwa mkono wa nani.